Msaada: bolti ya kukazia mkanda wa altaneta imegoma (Carina TI, injini 5A)

MwalimuWaTanga · Jumamosi, saa 11:20 jioni

Wakuu, habari za jioni. Gari yangu ni Carina TI, injini 5A, na tangu niinunue miaka sita iliyopita imekaa Tanga mjini. Kwa wiki mbili sasa nikiwasha asubuhi mkanda unapiga mluzi mkali, injini ikipata moto unanyamaza. Juzi usiku nilikuwa narudi kutoka Muheza ninakofundisha, mvua inanyesha, nimewasha taa, waipa na feni ya ndani. Mluzi ukarudi, na taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ikaanza kuwaka hafifu.

Leo nimeshika spana mwenyewe. Nimeukandamiza mkanda kwa kidole gumba, unashuka karibu sentimita mbili. Nikalegeza ile bolti ndogo ya kufungia, haikusumbua. Nikahamia kwenye bolti ndefu inayoivuta altaneta (ile mashine ya kuchaji betri). Imezunguka kama nusu mzunguko, ikagoma. Nikavisha bomba kwenye spana ili nipate nguvu, nikasikia "ka!" na pembe za kichwa cha bolti zikaanza kulika. Nikaacha hapo hapo.

Nimenyunyiza WD-40 mara mbili. Jumatatu alfajiri lazima niwe shuleni. Niongeze nguvu, au itakatika?

Kibaoni77 · saa 11:41 jioni

Pole mwalimu. Peleka kwa fundi tu, hizo bolti za Toyota za zamani zinasumbua sana.

SpanaKumi · saa 12:05 jioni

Mwalimu, tafadhali usiiguse tena hiyo bolti ndefu mpaka unijibu. Umesema umelegeza bolti ndogo ya kufungia. Je, na ile kubwa ambayo altaneta inabembea juu yake umeilegeza? Ni bolti ndefu inayopita kwenye sikio la altaneta na mguu wa injini, mara nyingi kichwa chake ni milimita 14.

MwalimuWaTanga · saa 12:12 jioni

Hiyo sijaigusa mkuu. Sikujua kama inahusika. Nilidhani zinazohusika ni hizo mbili tu.

SpanaKumi · saa 12:50 jioni

Basi tatizo lako ndilo hilo, na nashukuru uliacha mapema. Ngoja nieleze kwa kirefu kwa sababu kosa hili naliona gerejini karibu kila mwezi.

Altaneta ya gari lako imeshikwa sehemu mbili. Upande mmoja kuna bolti ya bembea, hiyo kubwa. Upande wa pili kuna chuma chenye mfereji, na hapo ndipo ilipo bolti ya kufungia pamoja na bolti ndefu ya kuvutia. Ukizungusha ya kuvutia, altaneta inatakiwa ibembee kwenye ile kubwa, isogee mbali na injini, na mkanda ukaze. Sasa kama ile kubwa imekazwa, au imeota kutu ndani ya tundu lake, altaneta haina pa kwenda. Nguvu yote unayotia kwa bomba inaishia kwenye uzi wa bolti ya milimita 8. Hiyo haikugoma kwa kutu, imegoma kwa sababu inavuta kitu kilichofungwa. Ukiendelea itakatika, na ikikatikia ndani ya kile kipande inachopita utakuwa na kazi mbili badala ya moja.

Ule mlio wa "ka" unaweza kuwa mambo mawili. Ama spana imeruka kwenye pembe za kichwa, ama altaneta imesogea kidogo kwa mshtuko. Irudishe nyuma hiyo bolti ya kuvutia, polepole, kinyume cha saa, mpaka iwe huru mkononi. Ikirudi vizuri ujue uzi wake bado mzima.

Halafu niambie, ulitumia spana gani?

MwalimuWaTanga · saa 1:10 usiku

Imerudi mkuu! Imezunguka kwa ugumu mwanzoni kisha ikalainika. Spana niliyotumia ni ya mdomo wazi, imeandikwa 1/2.

SpanaKumi · saa 1:18 usiku

Nusu inchi ni milimita 12.7, na kichwa cha bolti yako ni 12. Hiyo nafasi ndogo ndiyo iliyokula pembe. Bolti ya milimita 8 kwenye magari ya Kijapani huwa na kichwa cha 12, kwenye ya Ulaya mara nyingi ni 13, kwa hiyo watu wenye seti za kuchanganya wanaharibu vichwa bila kujua. Tafuta boksi (spana ya kuvisha kichwa kizima) ya 12 yenye pembe sita ndani. Zile za pembe kumi na mbili zinashika kwenye ncha tu, na bolti ikiwa ngumu zinateleza. Kwa ile kubwa tafuta boksi ya 14, pembe sita vilevile, na mkono mrefu usio na meno ya kukereza. Ule wenye meno ukiuvalisha bomba unavunjika ndani.

Nyali_Garage_Boy · saa 1:45 usiku

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu, sisi huku pwani hiyo bolti ya bembea ndiyo adui yetu. Mwili wa altaneta ni alumini, bolti ni chuma, na hewa ya bahari ina chumvi. Hizo metali mbili zikikaa pamoja kwenye unyevu wa chumvi zinakulana, na ule unga mweupe wa alumini unajaa kwenye tundu na kufunga bolti kama saruji. Gari lililokaa bara miaka kumi unalifungua kwa mkono mmoja. La pwani miaka sita tu, unasota.

WD-40 peke yake haitoshi kwa hiyo. Inafaa kufukuza maji, lakini kupenya kutu iliyoshikana ni kazi ya mafuta maalum ya kulegezea kutu. Ukikosa, changanya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kioo au kopo la chuma. Tikisa kila unapotumia maana hayakai pamoja. Na usivute sigara hapo karibu, asetoni inashika moto haraka sana.

Kibaoni77 · saa 1:52 usiku

Mimi niliwahi kuambiwa mafuta ya breki yanalegeza kutu vizuri.

SpanaKumi · saa 2:03 usiku

Mafuta ya breki yanabandua rangi ya gari, yakidondokea kwenye bodi asubuhi unakuta rangi imevimba. Usiyatumie hapo.

Na jambo ambalo watu wengi wanalisahau: mafuta yoyote ya kulegezea kutu yakiingia kwenye mkanda, mkanda huo umekwisha. Mpira unalainika, unateleza, mluzi unarudi hata ukikaza vipi. Kama unabadilisha mkanda, utoe kabisa kabla ya kunyunyiza. Kama huubadilishi, ufunike kwa mfuko wa nailoni na tambara. Kwa umri wa huo wako, mwalimu, nakushauri ubadilishe. Ugeuze utazame upande wa mifereji. Ukiona nyufa nyingi zinazokatiza mbavu, au sehemu zinang'aa kama kioo, huo umeshachoka.

Dada_wa_Wish · saa 2:20 usiku

Samahanini kwa kuingilia mjadala. Mimi nina Toyota Wish, injini 1ZZ, nayo inapiga mluzi. Nimetafuta hiyo bolti ya kukazia sijaiona. Iko wapi?

SpanaKumi · saa 2:31 usiku

Dada, ya kwako haina. 1ZZ ina tensha inayoukaza mkanda yenyewe kwa mafuta na springi. Pale kuna kichwa cha 19 ambacho unakizungusha ili kulegeza mkanda wakati wa kuutoa tu, si cha kukazia. Kama mkanda ni mpya na bado unalia, angalia kama tensha inacheza sana injini ikiwa inanguruma, na kama imevuja mafuta. Hapo inabadilishwa tensha yenyewe. Angalia pia beringi za puli ndogo, toa mkanda uzizungushe kwa mkono usikilize kama zinakwaruza.

Dada_wa_Wish · saa 2:34 usiku

Asante sana kaka. Kumbe nilikuwa natafuta kisichokuwepo.

MzeeWaPrado · saa 2:55 usiku

Wanangu mnaongea vizuri. Naongeza moja la usalama. Mwalimu, kabla hujapeleka spana kwenye altaneta, fungua waya wa hasi wa betri. Nyuma ya altaneta kuna waya mnene unaotoka betri moja kwa moja, una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa nati ya waya huo na upande mwingine ikagusa injini, inachomelewa pale pale. Nimewahi kuona pete ya ndoa ya kijana mmoja ikiwa nyekundu kidoleni kwa namna hiyo. Kovu analo mpaka leo. Vua pete, vua saa.

MwalimuWaTanga · Jumapili, saa 4:30 asubuhi

Nashukuru wakuu, shikamoo mzee. Nimefungua hasi ya betri, pete nimemwachia mke wangu. Nimetoa mkanda, kweli una nyufa kila baada ya sentimita. Nimeazima boksi za pembe sita kwa jirani.

Bolti kubwa ya bembea haisogei hata kidogo. Nimeipaka ule mchanganyiko wa kaka wa Mombasa tangu jana saa 3 usiku, leo alfajiri tena. Nimejaribu kulegeza, mkono mrefu unapinda kama upinde. Naogopa.

SpanaKumi · saa 4:44 asubuhi

Kwanza hakikisha mambo mawili. Una uhakika unazungusha upande wa kulegea? Ukiwa umeinama kwa juu unatazama kichwa cha bolti kutoka nyuma, mkono unachanganyikiwa. Jiweke kichwani kwamba unakitazama kichwa uso kwa uso, halafu kinyume cha saa. Pili, pitisha kidole upande wa mwisho wa bolti uone kama kuna nati. Kama ipo, ishike kwa spana nyingine, maana unaweza kuwa unazungusha vyote pamoja.

Sasa usilegeze. Ikaze kwanza. Kidogo tu, kiasi cha kusikia imekubali. Kutu imeshikana kwa upande mmoja, ukiikaza nywele moja unaupasua ule ukoko, na mafuta yanapata njia. Kisha legeza. Ikisogea robo, usiendelee, irudishe, paka mafuta, legeza tena. Mbele na nyuma, mbele na nyuma. Ukisikia imekuwa ngumu tena baada ya kulainika, huo ni unga wa kutu umejikusanya mbele ya uzi, rudi nyuma.

Nyali_Garage_Boy · saa 5:02 asubuhi

Ikikataa, tumia joto. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo ukipasha sikio la altaneta badala ya bolti, tundu linakuwa kubwa kuliko bolti. Usitumie gesi ya kuchomelea hapo, kuna mabomba ya mpira, nyaya, na dayodi za altaneta haziwezi moto. Futa kwanza mafuta yote uliyopaka, uyakaushe, ndipo upashe. Ile mashine ya kupuliza hewa ya moto ya mafundi wa rangi inafaa. Ukikosa, loweka tambara kwenye maji yanayochemka, lifunge kwenye sikio, badilisha mara nne au tano. Joto linaingia polepole lakini linaingia.

Halafu bolti ikiwa bado ya moto, gusisha mshumaa kwenye mzizi wa kichwa chake. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya uzi. Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa meli bandarini, alitufundisha hivyo kwenye bolti za injini za mashua, nami sijaona mafuta ya dukani yanayozidi nta kwenye bolti yenye joto.

Kibaoni77 · saa 5:10 asubuhi

Na nyundo je? Kugonga si kunasaidia?

SpanaKumi · saa 5:21 asubuhi

Kunasaidia sana, ila unagonga wapi. Kichwa cha bolti kigonge sawasawa, kwa mapigo mafupi mengi, kama unagonga msumari mdogo. Mtikisiko unavunja kutu. Lakini sikio la altaneta usiliguse kwa nyundo kabisa. Alumini ya kumimina haipindi, inapasuka. Wiki iliyopita nimepokea Corolla 110 yenye altaneta nzima inayochaji vizuri, sikio limekatika kwa nyundo, mwenye gari akalazimika kununua altaneta nyingine kwa ajili ya bolti moja. Inauma.

MwalimuWaTanga · saa 8:40 mchana

IMETOKA!

Nimefanya hivi. Nimefuta mafuta, nimefunga tambara la maji ya moto mara sita, mke wangu anachemsha jikoni mimi nabadilisha. Nikagusisha mshumaa, kweli nta ikavutwa ndani kama wino kwenye karatasi. Nikagonga kichwa mapigo kama thelathini. Nikakaza kwanza. Nikasikia sauti ndogo kavu, kama kijiti kinavunjika. Moyo ulinienda mbio nikadhani imekatika. Nikalegeza, ikasogea. Nikafanya mbele na nyuma kama nusu saa. Unga uliotoka ulikuwa wa kahawia iliyokolea kama ugoro, na karibu na altaneta ukawa mweupe.

Sasa bolti ipo mkononi. Katikati imeliwa, imekuwa nyembamba kuliko ncha zote mbili. Lakini altaneta yenyewe bado haibembei! Bolti haipo na altaneta imekaa pale pale kama imegundishwa.

SpanaKumi · saa 8:52 mchana

Hongera mwalimu! Hilo la kutobembea ni la kawaida. Ndani ya sikio mara nyingi kuna bushi ya chuma, kibomba kifupi ambacho bolti inapita ndani yake. Bolti inapokazwa bushi inasogea na kubana mguu wa injini, na ikishaota kutu haiachii hata bolti ikitoka. Chukua kipande cha mbao ngumu, si chuma, kiweke kati ya injini na mwili wa altaneta, ubetue taratibu juu na chini. Angalia mbao isiegemee kwenye feni ya altaneta, kwenye bomba la maji wala mfuniko wa plastiki. Ikianza kucheza, paka mafuta, endelea.

Hiyo bolti iliyoliwa usiirudishe. Pima kipenyo, urefu, na uzi wake, upate ya nguvu ileile. Kichwani kuna namba, mara nyingi 7 au 8, na mpya isiwe chini ya hapo. Bolti laini za kufungia madirisha hazifai hapo, inabeba altaneta na mvuto wa mkanda kila sekunde. Nunua na ile ya kuvutia, kichwa chake kimeshalika. Kwenye maduka ya spea zilizotumika huwa wanazo na kile kipande chake pamoja.

MzeeWaPrado · saa 9:15 alasiri

Na wakati wa kurudisha paka grisi kwenye mwili wa bolti na ndani ya bushi. Safisha tundu kwanza kwa brashi ya waya ya mviringo. Ukiweka bolti mpya kwenye unga wa kutu wa zamani, umejiwekea kazi ya mwakani.

MwalimuWaTanga · saa 11:50 jioni

Imebembea, nimesafisha, bolti mpya zote tatu, grisi, mkanda mpya. Swali la mwisho wakuu: nikaze kiasi gani? Fundi mmoja hapa mtaani ameniambia nikaze mpaka usisogee kabisa.

SpanaKumi · saa 12:10 jioni

Hapana, hapana. Ukikaza hivyo utaua beringi za altaneta na za pampu ya maji. Kumbuka kwenye injini yako mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Watu wanauita fenibelti, ingawa feni ya Carina inazunguka kwa umeme. Ndiyo maana ukikatika njiani usijaribu kufika kituo kinachofuata kwa kuwa betri bado inasukuma. Maji hayazunguki, injini itachemka ndani ya dakika chache na kichwa cha injini kitapinda.

Tafuta sehemu ndefu kuliko zote kati ya puli mbili, bonyeza katikati kwa kidole gumba kwa nguvu ya kama kilo 10. Ushuke karibu sentimita moja, mpya upungue kidogo hapo. Au ushike kwa vidole viwili uupinde, ugeuke robo mzunguko na usizidi. Bolti ya bembea iache imelegea kidogo wakati unavuta, kisha kaza ya kufungia kwanza, halafu ya bembea. Washa, zima, pima tena, maana ukikaza bolti ya mwisho mkanda hubadilika kidogo.

Mkanda mpya unatanuka siku za mwanzo. Pima tena baada ya wiki.

Nyali_Garage_Boy · saa 12:25 jioni

Na ukiwa na mita, pima betri. Injini ikiwa imezimwa iwe karibu volti 12.6. Ikiwaka, na taa zote na feni vikiwa vimewashwa, isishuke chini ya 13.5 au hapo karibu. Kawaida ni kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na mkanda umekaza, shida imehamia kwenye altaneta yenyewe.

MwalimuWaTanga · Jumapili iliyofuata, saa 3:05 asubuhi

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Wiki nzima nimekwenda Muheza na kurudi, siku mbili kwa mvua, na sijasikia mluzi hata mara moja. Taa ya betri haijawaka tena. Injini ikinguruma na taa kubwa, waipa na feni vyote vimewashwa, mita inasoma 14.1.

Leo asubuhi nimepima mkanda kama SpanaKumi alivyosema, ulikuwa umelegea kidogo. Nimelegeza ya bembea kwa boksi ya 14, imekubali kwa mkono mmoja. Nimelegeza ya kufungia, nikazungusha ya kuvutia robo tu, kwa vidole viwili. Nimefunga zote, nimerudisha hasi ya betri. Kazi nzima imechukua dakika kumi na tano.

Bolti ya zamani nimeiweka mezani kwangu ofisini. Jumatano nimewaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu pale katikati palipoliwa, tulikuwa kwenye mada ya kutu. Mmoja ameuliza kwa nini imeliwa katikati na si kichwani, tukatumia kipindi kizima kujadili chumvi na alumini. SpanaKumi, Nyali, mzee wangu, Mungu awabariki sana.